Picha Mbili za Titi la Mama

Kaka Masanja,

Shikamoo. Natumaini umzima, na kwamba mkeo Mama Kabula ameacha kukohoa. Huku Dar es Salaam tupo. Nakuandikia kwa sababu simu yangu huwa unaipokea ukiwa duarani huko mgodini, wachimbaji wenzako wote wanasikiliza, na haya si yao.

Ulisema namshikilia Mama hapa ili anilelee mtoto. Sikukasirika, kazi ya uandishi wa habari imenizoesha kushukiwa. Nakueleza kilichomweka, kisha uamue mwenyewe.

Mama alikuja na uvimbe kwenye titi la kushoto. Eksirei haikutoa jibu la kueleweka, kwa hiyo daktari akaagiza kipimo kingine. Mgonjwa anachomwa dawa yenye mionzi kidogo, dawa inasafiri na damu, na mashine inapiga picha ya mahali inapokusanyika. Penye saratani hukusanyika zaidi. Tuliambiwa aje hajala.

Asubuhi ile muuguzi alimuuliza, "Mama, umekula?"

"Sijala."

Picha ikatoka safi. Mama akaanza kufunga mizigo. Mimi sikuiamini, maana uvimbe nimeushika kwa vidole vyangu. Nikarudi na Mama kwa mpiga picha kumuuliza kwa nini matiti yote mawili yalionekana hafifu hivyo. Kumbe naye ilimtia wasiwasi. Akamgeukia Mama.

"Bibi, asubuhi hukutia kitu chochote mdomoni?"

"Matobolwa, viazi vikavu tu, na kikombe cha maziwa."

"Si ulisema hujala?"

"Ugali umeuona wapi?"

Yule kijana mpiga picha akaeleza kwamba tumbo likiwa na kazi, damu nyingi huenda huko, na dawa huifuata. Tena Mama alikaa muda mrefu chini ya kiyoyozi na kanga moja. Mwili ukipoa, mishipa ya titi hujibana. Dawa iliyofika ilikuwa kidogo mno kuonyesha chochote.

Tukarudi siku nyingine. Nilimlinda tangu alipoamka, asionje kitu ila maji. Wakamfunika kifua kwa blanketi la moto kabla ya sindano. Picha ikaonyesha doa dogo, palepale penye uvimbe.

Tulipofika nyumbani Mama akauliza, "Waliponiacha nilivyo, sina kitu. Waliponishindisha njaa na kunifunika, kitu kikaja. Nani kakileta, mwanangu, ng'wanone?"

Nikaanza kurudia maelezo ya kijana. Akanikatiza. "Nimepika chakula machimboni Nyarugusu miaka mingapi? Nimewaona wanaotia chenga za dhahabu kwenye mfuko kabla mnunuzi hajaosha mchanga. Shimo tupu, wanauza. Mnunuzi mwerevu anachota mwenyewe."

Kaka, lile ni swali ambalo mimi ningemuuliza ofisa yeyote. Sikuweza kumlaumu.

Kilichobaki kilikuwa kuchukua kipande cha uvimbe kwa sindano, kikapimwe kwa darubini. Mama akatoa masharti: atakula kwanza, na blanketi hataki kuliona. Daktari akacheka, akasema kwa kipimo hicho ale hata ng'ombe mzima. Mama hakucheka. Alikula ugali na sato, akaongeza, akaenda ameshiba. Kipande kilipotoka alitaka akione kikitiwa kwenye kichupa, na jina lake liandikwe juu yake mbele ya macho yake.

Majibu yametoka juzi. Ni saratani. Ni ndogo, na mpaka sasa hawajaiona mahali pengine.

Mama akamuuliza daktari, "Umeitoa kwenye kichupa changu?"

"Ndicho hicho, Mama."

"Na nilikuwa nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba sana."

"Basi kata."

Atafanyiwa upasuaji wiki ijayo. Nenda nyumbani ukamwambie Baba ana kwa ana, na umwambie yote, hata picha ya kwanza, asije akaisikia kwa mtu mwingine akadhani tumemficha jambo.

Msalimie shangazi anayetuangalizia pamba, na yule jirani anayemchotea Baba maji. Mwambie aendelee, Mama hatarudi upesi. Mama Kabula mpe pole zangu, naye akapime kifua.

Mama anakusalimu. Anasema wenye mashine bado anawachunguza.

Mdogo wako,
Milembe