Sentensi Aliyoirekebisha Mama

Ngokolo,
Shinyanga.
12 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Boaz,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini na si kitandani, na kwamba mguu umeanza kukanyaga chini tangu walipoutoa vyuma. Mama Martina hajambo? Na wanenu, wameshaanza kuokota korosho huko Newala, au mwaka huu zimechelewa?

Ukiniuliza habari za huku nitakujibu nzuri, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Lakini si nzuri, mjomba.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Ulipopiga wiki ile ya msiba niliweza kukuambia kwamba kaka Charles amefukiwa na kifusi machimboni, upande wa Geita, na kwamba tumemzika. Kisha ukaniuliza mama amelipokeaje. Nilishindwa kutoa sauti mpaka salio lako likaisha. Hapa ndipo ninapokujibu.

Ulipomwona dada yako mara ya mwisho alikuwa hajapata kiharusi. Sasa mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na Kiswahili kimemtoka. Kisukuma nacho kimemtoka. Ukimsemesha kwa lugha hizo anakutazama kwa upole tu, kama mgeni anayesubiri mkalimani. Kilichobaki ni Kiingereza, tena si chote, ni zile sentensi alizokuwa akiandika ubaoni mpaka alipostaafu. Daktari alituambia hutokea hivyo. Mambo ambayo mtu ameyarudia miaka na miaka huwa yanakaa mahali pake kichwani, yakasalimika mengine yakiharibika.

Unazikumbuka, maana uliishi kwetu ulipokuwa sekondari. Already na just zikae katikati, baada ya has au have. Yet iende mwisho. Nasikia wengine wanaruhusu already nayo iende mwisho, lakini si darasani kwa mama. Na majina ya mifano yalikuwa yetu sisi watoto wake. Charles amekwisha kula: Charles has already eaten. Mageni amefagia sasa hivi: Mageni has just swept the floor. Wanafunzi walikuwa wakinikuta njiani wananiuliza kama nimeshamaliza kufagia, nami nalia hadi nyumbani.

Chiku, mke wa Charles, hukuwahi kuishi naye, kwa hiyo nikueleze. Ni mtu wa Songwa, aliishia darasa la saba, hana maneno mengi. Charles alipoanza kuchimba Mwakitolyo, na baadaye alipovuka kwenda Geita, alimwacha hapa kwetu na watoto. Aliyemwogesha mama tangu augue ni yeye. Mwanzoni mama alikuwa akisema, “Charles has just arrived,” na Chiku alipoambiwa maana yake ni kwamba Charles amefika sasa hivi, akawa anatoka mbio mpaka uani, mikono ina povu la sabuni.

“Wifi, hilo ni somo tu,” nikamwambia.

“Najua ni somo. Na siku ikiwa kweli je?”

Basi wakamleta kweli, mchana, ndani ya jeneza. Halikufunguliwa, mjomba. Nadhani unaelewa kwa nini. Tuliliweka sebuleni na mama tukamkalisha karibu nalo. Akatutazama sote tuliojaa pale, akasema kwa ile sauti yake ya darasani, “Charles has not come yet.” Charles hajafika bado. Wenye Kiingereza wakainamisha vichwa. Wasiokuwa nacho wakawauliza wenzao amesema nini, na walipoambiwa vilio vikaanza upya.

Tangu siku hiyo akabaki na sentensi hiyo moja. Akiamka, akipewa uji, akigeuzwa kitandani. Anaisema, kisha anaangalia mlango. Na majirani nao, kwa mazoea, bado wanabisha hodi wakiita, “Mama Charles!”

Tulijaribu kumwambia. Katekista Pantaleo alikuja akamweleza kwa Kiswahili, polepole, akamshika mkono na kusali. Mama alimsikiliza kwa adabu. Baba mkubwa Masalu akaja akamweleza kwa Kisukuma, akalia mbele yake, mzee mzima yule. Mama akampangusa machozi kwa mkono wake wa kushoto, akamwambia, “Charles has not come yet.”

Unajiuliza kwa nini mimi sikumwambia kwa Kiingereza, na ninacho cha kutosha. Nilikaa mbele yake mara nyingi nikafungua kinywa. Kwenye ubao wa mama tulikuwa wawili tu, mimi na Charles. Sikuweza kuwa mimi wa kumfuta.

Chiku ndiye aliyesema. Tulikuwa jikoni tunachambua mchele, naye bila kuinua macho akaniambia, “Nifundishe mimi. Ni mume wangu, acha nimwambie mwenyewe.”

Nikamfundisha. Mwanzo nilimpa sentensi fupi, Charles has died. Akaikataa. Alitaka lile neno la “amekwisha” liwemo, amekwisha kufa, ili mama aelewe hakuna wa kungojewa na aache kutazama mlango. Nikamwekea already mahali pake katikati. Akawa anairudia kimyakimya huku anapepeta.

Akaingia, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaushika ule mkono mzima. Mimi nilibaki mlangoni.

“Mother,” akasema. Kisha maneno yakamtoka vibaya. “Charles has died… already.”

Mama akakunja uso. Akauvuta mkono wake, akainua kidole, kama alivyokuwa akikiinua mwanafunzi akikosea.

“No,” akasema. “Charles has already died.”

Akasubiri. Nilijua anasubiri nini, darasa zima lingekijua. Chiku naye akajua. Akairudia sawasawa, machozi yakimtiririka hadi kidevuni: “Charles has already died.”

“Good,” mama akasema.

Lakini kidole hakikushuka, mjomba. Kilibaki juu. Alimtazama Chiku, kitambaa cheusi alichofunga kichwani, akanitazama mimi na changu. Kisha akajifunika mdomo kwa kiganja, akatoa sauti ambayo haikuwa Kiingereza wala lugha yoyote ninayoijua. Chiku akamkumbatia magotini. Mimi nilibaki pale pale mlangoni.

Tangu hapo hajatamka neno. Hata zile sentensi hazisemi. Tulikuwa tumezichoka, na sasa ningetoa chochote nizisikie. Mlango hautazami tena, anatazama ukuta. Nikimpelekea chakula anafunga midomo. Nalala na swali moja na naamka nalo: je, tumemwambia mama kwamba mwanawe amekufa, au tumemnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho? Katekista anasema tumefanya vyema, ni haki ya mzazi kumlilia mtoto wake. Naona hata yeye anasema akiangalia chini.

Juzi Jumapili baba yake Chiku alikuja kutoka Songwa kumchukua binti yake na wajukuu. Hakuja kwa ubaya. Alitupa pole, akakaa, akanywa maji, akaeleza kwamba mjane mdogo hawezi kukaa ugenini akiuguza. Mabegi yakafungwa, watoto wakavishwa viatu.

Chiku akaingia kumuaga mama. Alipoinama, mama akaunyosha mkono wa kushoto, akashika upindo wa kitenge chake. Chiku akangoja auachie. Hakuuachia. Nikajaribu kuvifungua vidole kimoja kimoja, nikaona vimekaza hadi vimekuwa vyeupe.

“Mwanangu, gari litatuacha,” baba yake akasema kutoka nje.

Chiku akakaa chini sakafuni, kitenge bado mkononi mwa mama.

“Tangulia, baba. Mimi ndiye niliyemwambia. Siwezi kumwambia mtu neno lile kisha nikamwondokea.”

Mzee alisimama mlangoni, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake peke yake. Atarudi, amesema, na safari hiyo hatasubiri. Jioni ile mama alikunywa vijiko vichache vya uji kutoka mkononi mwa Chiku. Mkono wangu bado anaukataa.

Mjomba, sikuombi chochote ila wewe mwenyewe. Mguu ukikubali safari ya basi, njoo. Sidhani kama atatungojea muda mrefu, amekuwa mwepesi hata Chiku anambeba peke yake. Aliwahi kunisimulia kwamba mlipokuwa watoto mkichunga ng'ombe mlikuwa mkiitana kwa majina yenu ninyi wawili tu, ambayo hata bibi hakuyajua. Hakuwahi kuniambia lake. Katika walio hai, analijua mtu mmoja tu, naye ni wewe. Njoo umwite kwa jina hilo, asikie hata kama hataitika.

Nisalimie Mama Martina, Martina mwenyewe na mdogo wake Nkwabi, na mzee yule jirani aliyekupeleka hospitali. Baba mkubwa Masalu anakusalimu. Chiku anakuamkia ingawa hamjaonana vizuri. Mungu akuimarishe mifupa, akufungulie njia, na akufikishe hapa mapema.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda na kukungoja,

Mageni