Sauti ya Mama na Baridi ya Julai

S.L.P. 41,
Wamagana, Nyeri.
23 Julai 1989.

Ndugu yangu mpendwa Mutahi,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. U hali gani huko Pune? Ule mguu umepona? Barua yako ilifika Jumanne, tukaisoma mara mbili, na Baba akaiweka ndani ya Biblia. Sisi tu wazima isipokuwa mafua, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama dume. Tulitaka jike, lakini tunashukuru.

Umeuliza habari za sola yako. Tangu Juni jua hatulioni, ndugu yangu. Ukungu unashuka asubuhi, unakaa mpaka saa nane, ukiondoka unarudi tena. Taa inawaka nusu saa halafu inakuwa nyekundu. Taa si neno, koroboi tunazo. Shida ni redio, kwa sababu ya kaseti ya Mama.

Sijawahi kukuandikia juu ya kaseti hiyo, na naona aibu. Mama aliongea ndani yake mwezi wa pili, siku chache kabla hajalazwa, ili tukutumie wewe. Alipotuacha, Baba akasema ataipeleka posta Jumatatu. Jumatatu hiyo haijafika mpaka leo. Kila jioni baada ya chai anaiweka kwenye redio, anasikiliza mpaka mwisho, anairudisha mwanzo.

Sasa betri ya sola ikichoka, kaseti nayo inakwenda polepole. Sauti ya Mama inakuwa nzito, inavuta maneno, vile alivyoongea wiki ile ya mwisho hospitalini. Wewe hukuwapo. Mimi nilikuwapo, na ni ile ile. Siku ya kwanza nywele zilinisimama, na mdogo wetu Kagure akakataa kuingia sebuleni.

Nikasema hapana, Mama hatateseka mara mbili. Nikaenda kwa Mwalimu Wasike, yule Mbukusu anayefundisha fizikia sekondari. Alikuja, akatazama ile nguzo ya sola, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ati nani alielekeza hii kitu kusini?" Nikakutaja bila huruma! Si ni wewe uliyetaka watu wa barabarani waione? Desemba ulipoifunga, jua lilikuwa upande huo. Mwezi huu linapita kaskazini, na sola yako imeligeuzia mgongo.

Basi tukalegeza nati, tukaigeuza ikatazama upande wa Nanyuki, tukaiinamisha kidogo. Nikaosha masizi ya jikoni yaliyoganda juu ya kioo, nikapunguza matawi ya mparachichi, tukaongeza maji ya betri. Siku tatu hatukuwasha taa wala redio. Baba alinung'unika kweli kweli.

Alhamisi jioni tukaiweka kaseti. Mutahi, alikuwa Mama mwenyewe! Yule wa sokoni, mwepesi, asiyemngoja mtu amalize kusema. "Mutahi, mimi ni mzima kabisa. Usiache masomo ati unakuja kuniangalia. Utanikuta." Nililia kwa furaha. Kagure akaja akaketi miguuni pangu. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu anadanganya. Nirudishieni yule mwingine."

Asubuhi nilipotoka kukama nikakuta ngazi imeegemea nguzo, na sola inatazama barabara. Mzee wa miaka sabini na moja! Viatu vyake vilikuwa mlangoni, vimejaa tope.

Jana jioni yule wa polepole akarudi. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza bila kuziba masikio. Maneno ni yale yale, "usiache masomo," lakini vile anavyoyavuta, unajua alitaka uje. Kagure pia amesikia hivyo. Mungu anisamehe, leo nimepita chini ya nguzo mara nne na sikuigusa ile nati.

Baba amekubali upate nakala. Mwalimu Wasike ana redio ya kurekodi inayotumia mawe, zile betri za dukani. Ataiweka mbele ya yetu wakati kaseti inacheza. Lakini jambo moja nashindwa kuamua peke yangu. Sola ikibaki hivi, utampata yule wa polepole. Nikiigeuza, utampata yule mzima. Niandikie upesi, maana kaseti imeanza kukwaruza. Unataka nikutumie yupi?

Kagure anakusalimu sana. Shangazi Watiri wa Othaya naye anauliza kama chai ya huko inaishinda yake, na jibu analolitaka unalijua. Mungu akutangulie katika mitihani na akulinde ugenini.

Baba nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema Mama atakusalimu mwenyewe.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Murugi