Macho ya Mama Yamegeuka Njano

Jumatatu, 3 Machi
Nimempigia Mama simu Kanduyi kama kila asubuhi. Anasema macho bado njano. Mkojo kama chai ya rangi, anajikuna mwili mzima. Bado anashikilia kuwa ni ile dawa ya kolesteroli. Jirani alimwambia aiache, akaiacha, sasa anangoja macho yapone yenyewe. Nimechoka.

Jumatano, 5 Machi
Nilimfuata mwenyewe, nikampeleka hospitali ya Bungoma. Picha ya tumbo imeonyesha jiwe kwenye mfereji wa nyongo. Daktari alieleza polepole: nyongo imekosa njia, inarudi nyuma na kuumiza ini. Dawa imesingiziwa. Nikauliza kama dawa hiyo ingeumiza ini zaidi. Akasema juu ya hilo watafiti bado wanabishana, wengine wanadhani inaweza hata kulilinda ini. Ikae kando kwanza, jiwe litolewe hospitali ya Kitale, mjini kwangu.

Alhamisi, 6 Machi
Hataki kuja. Haogopi kisu. Ati hawezi kulala kwa mkwe wake wala kupanda gari lake. Najua, sisi Wabukusu mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja, nimelelewa hivyo. Lakini ini linaharibika. Nimemtafutia kitanda kwa rafiki yangu wa kanisani. Hilo amekubali. Na gari? Anasema atatafuta lingine. Lipi? Wafula, mume wangu, anazunguka nyumba tu. Nina hasira naye pia, na hana kosa lolote.

Jumamosi, 8 Machi
Homa. Dada yangu alipiga simu asubuhi akilia, Mama anatetemeka. Wafula alichukua ufunguo bila kuniuliza. Tulipofika Kanduyi hakushuka. Aligeuza kioo cha ndani kikatazama paa, wasionane. Mama akaja amejifunika leso kichwani, akasimama kando ya mlango mpaka nikatamani kumsukuma.
"Nani anaendesha?" aliuliza. Alikuwa anamwona.
"Dereva," nikasema.
Akapanda. Tukaondoka kwenda Kitale.

Jumapili, 9 Machi
Jiwe limetoka. Ini limeumia, wanasema, ila tumewahi. Nililia chooni. Wafula hakuingia wodini, amekaa nje kwenye benchi tangu jana.

Alhamisi, 13 Machi
Weupe wa macho unarudi. Kuhusu dawa, daktari ataamua ini likitulia. Mama alikunywa uji, akageukia ukuta.
"Yule kijana aliyenileta," alisema, "amekula?"
Nikamwambia yuko nje. Akaniambia nimpelekee chai.