Baba Mkwe Aliyeita Jina Langu

Zebedayo, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, anasimulia kila anapopata wa kumsikiliza kwamba wewe, Baba Mkwe, hukuuawa na homa. Anasema siku ya mafuriko ulisimama majini mbele ya watu, ukaniita kwa jina, mimi mke wa mwanao, nami nikakutazama usoni, na hicho ndicho kilichokulaza. "Nilisikia kwa masikio yangu," anasema. "Neli! Neli! Kama anaita mbuzi."

Mwaka umezunguka tangu ulipotuacha, Baba Ambilikile, na mvua zile zile zimerudi juu ya Mwaya. Mama Veronika, mkeo, ameniambia niandike mimi kumbukumbu hii, kwa sababu ndimi niliyesoma shule ya misheni. Basi nakaa na karatasi, nainuka, naenda kutazama mto, narudi. Maana kwetu mke wa mtoto hamtazami baba wa mume wake wala hasemi naye, na baba mkwe halitaji jina la mke huyo. Miaka yote niliyoishi kwako nilikujua kwa kikohozi. Ulikuwa unakohoa ukifika kwenye kona ya zizi, ili niwahi kujificha. Hata siku ambazo kifua hakikukusumbua, ulikohoa. Hiyo ilikuwa heshima yako kwangu.

Watu wa huku wanakukumbuka kwa Nyumba za Wazee. Vijana walipoanza kwenda kufanya kazi mbali, kwenye mashamba ya Wadachi, wazee walibaki na mapaa yanayovuja. Padre akataka wakae karibu na kanisa, watunzwe. Wewe na wenzako mkajenga nyumba ndefu ya mianzi, mlango mmoja, vitanda huku na huku, mkaisifu sana. Wazee wakaingia.

Kesho yake wake za watoto wao walifika na vyungu vya ndizi na maharage, wakakaa chini kule mbali, migongo wameipa nyumba. Nani angeukaribia mlango ule? Ndani alikuwamo baba mkwe wa kila mmoja wao.

"Mbona chakula kinapoa?" Padre aliuliza.

Mama Veronika alicheka mpaka akashika mbavu. "Ambilikile, mmejenga wanaume peke yenu! Mlidhani chakula kinatembea chenyewe?"

Hukukasirika. Ulisema, "Ndaga, mke wangu," kama mtu anayeshukuru kwa kupewa maji, ukaanza kubomoa siku hiyo hiyo. Ukajenga nyumba ndogo ndogo, milango ikitazama kanisa, migongo ikitazama migomba. Nyuma ya kila nyumba ukaweka jiwe bapa. Mwanamke anapita njia ya mgombani, anaweka chungu juu ya jiwe, anagonga kifuniko, anaondoka. Mzee anatoka baadaye. Hakuna aliyemwona mwenzake, na chakula bado kina moto.

Hapo ndipo nyumba zilipoanza kuongezeka. Wazee wa Ngonga walisikia, wakaja. Wa Ikolo wakaja, wengine hata hawajabatizwa, na Padre akawapokea. Kila kiangazi ulikuwa na mianzi begani. Bibi Marta, Mkisi aliyekuwa akituletea vyungu kwa mtumbwi mpaka magoti yakamkatalia, ulimjengea naye, ingawa huku hana mtoto. Alikulipa kwa maneno.

"Kuta zako zimepinda kama miguu yako!"

"Basi zitadumu, Bibi. Miguu hii umeijua tangu lini?"

Siku ile ya mafuriko mto ulikuja mchana. Wanaume walikuwa juu na ng'ombe. Mimi nilikuwa mgombani na chungu, nikaona yote. Uliwabeba wazee mmoja mmoja mpaka kwenye kilima cha kanisa. Akabaki Bibi Marta. Nyumba yake ikaanza kulala upande, ukaingia ukaishika nguzo kwa mgongo ili paa lisimwangukie. Hukuweza kuishika nguzo na kumbeba. Hapo ndipo ulipoita.

"Neli! Mtoe Bibi!"

Zebedayo alisikia kweli, alikuwa ukingo wa pili. Lakini kutoka kule hakuona kwamba ulikuwa umefumba macho, kama Bibi Marta alivyoniambia baadaye. Mimi nilijifunika nguo kichwani, nikapita chini ya mkono wako nikiangalia maji. Nikatoka na Bibi mgongoni, naye anapiga kelele, "Taratibu, mwanangu, chungu cha zamani hiki!" Hatukutazamana, Baba. Wewe ukatoka nyuma yetu, paa likaanguka. Homa ikakushika baada ya maji yale, Padre akakupaka mafuta, ukaenda.

Tangu maneno ya Zebedayo yaenee, wanawake wameiacha njia ya mgombani. Wanaogopa kwamba nyumba hizi zinawavunjia wakwe heshima, na kwamba wazee watakufa kwa sababu yao. Mawe yako ni matupu. Mzee mmoja wa Ngonga amerudishwa kwenye nyumba yake inayovuja, na mwingine anafunga mkeka. Mimi na Mama tunapika kwa ajili ya wote waliobaki, na haitoshi. Jumapili baada ya sala Mama alisimama, akauliza, "Nani kati yenu atapita mgombani kesho?" Wanawake walifunga vizuri nguo za watoto mgongoni. Zebedayo alikuwa anatazama mapaa ya nyumba zako.

Na mimi, nisikufiche, kuna siku nafua nguo naacha katikati, nawaza: je, kama ana haki kidogo?

Tunaokukumbuka ni mkeo Veronika. Mwanao Aliko, na mimi Neli. Binti yako Tusekile aliyeolewa Ikolo, na watoto wake. Na Bibi Marta, anayesema kuta za nyumba zako nyingine bado zimepinda na bado zimesimama. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi.

Uliniita mara moja, Baba, nikaja. Leo ninakuita mimi. Kama sikukukosea siku ile, pita kwenye kona ya zizi, ukohoe tu. Nimeacha kutwanga. Nasikiliza.