Kina Kilichopanda Lori

Jumatano, 8 Juni 1994
Baada ya Misa ya asubuhi alikuja Hedwiga, mjane mwenzangu, na karatasi ndani ya pindo la kitenge. Shairi la posa! Limetoka kwa Pankras, mwenye duka jipya la mitumba. Akaniambia, "Mzee Ignatio, wewe ulisoma seminari. Lipime. Likiwa sawa nitamkubali Jumapili." Nimeahidi kulipima kwa haki. Moyoni sina jingine.

Alhamisi, 9 Juni
Ubeti mmoja, mistari minne. Kila mstari vipande viwili, mizani nane kila kipande. Nimehesabu kwa rozari. Kila fungu lina chembe kumi, hivyo mbili zilibaki kila mara — nimezitumia kuiombea roho ya Pankras.

"Hedwiga ua la ziwa, nikupe wangu kilio." Mizani kamili. Nilihuzunika kidogo.

"Kwako nitatia nanga, wewe ndiwe kimbilio." Kamili tena! Ila vina vya kati havijuani kabisa.

"Nakuletea sabuni, na kitenge toka Mbinga." Deo gratias, Mungu ashukuriwe! Kina cha mwisho kilipaswa kuwa "o". Kimetoroka ziwani, kimepanda lori la Mbinga!

Furaha hii nitaiungama.

Ijumaa, 10 Juni
Nimetoa hukumu. Hedwiga alicheka hata akaketi chini. Akasema kitenge chenyewe, lakini, ni kizuri.

— Kitenge si kina! nilimwambia.

Ameniachia sahani ya dagaa wa usipa. Nilivaa shati la Pasaka, bila sababu.

Jumamosi, 11 Juni
Sijaungama. Pankras alinikuta njiani, kofia mkononi.

"Shikamoo, Katekista. Nasikia shairi langu lina ugonjwa. Litibu, baba. Siku hizi ni soko huria, mteja anachagua!"

Miaka thelathini nimefundisha kwamba anayeomba msaada hanyimwi. Nimemketisha barazani, nikaingia ndani na kalamu. Mbinga nimeiondoa. Vina vya kati nimevipatanisha. Umebaki mstari wa mwisho, ambao Alhamisi kwa furaha sikuupima: "Nijibu upesi, mama, mimi wako..."

Hapo anataka jina la ubatizo, si sifa. Lake haliingii, halina "o" wala mizani nne. Nimepitia litania yote ya watakatifu. Festo ni mfupi. Baltazari anaishia pabaya. Limeingia moja tu — mizani nne, kina safi kama maji ya ziwa. Kalamu imekwisha kuliandika.

Nilibatizwa nalo.

Pankras anakohoa barazani. "Tayari, Katekista? Hedwiga anapita hapa njiani, nimsomee sasa hivi!"