Nani Aliyekula Keki ya Pasaka?

Mama yangu mpenzi,

Salamu zikufikie kutoka huku Isiolo, kwenye vumbi na jua lisilo na huruma. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na wanafunzi wangu wa ushonaji hapa chuoni bado hawajanitia wazimu. Wewe hujambo? Tafadhali usikimbilie kusema "sijambo" kama unavyofanya kwenye simu. Nimekaa chini kukuuliza, nawe ukae chini unijibu.

Nitaanza na jambo lililonifanya niache simu nishike kalamu. Ile keki ya machungwa niliyokutumia kwa basi kabla ya Pasaka, nani aliila? Wewe uliniambia ilikuwa tamu sana. Lakini kaka Wanjala, ambaye hajui kusema uongo hata umlipe, ameniambia uliifunga kwa kitambaa ukaiweka kabatini mpaka ikaota ukungu, kisha ukawatupia kuku. Nilipokuuliza, ukasema ni meno. Mama, keki ile ilikuwa laini hata mtoto asiye na jino angeimumunya. Halafu ukacheka, ukampa Wanjala simu. Sipendi ukicheka vile. Kuna kitu unanificha, na sitatulia mpaka nikijue.

Najua utasema, "Huyo ni Nafula na shuku zake." Sikatai. Mimi ndiye yule aliyekuwa akinusa maziwa kabla ya kuyanywa, na fundi akija kwetu kuezeka nilikuwa nasimama chini kumhesabia misumari. Lakini ngoja nikusimulie yaliyonipata na jirani yangu, ndipo uone kwa nini safari hii sikuamini hata kidogo.

Jirani huyo anaitwa Mama Hawa. Ni mjane, Msomali wa zile familia za zamani za mjini hapa ambazo babu zao waliletwa na Wazungu wakiwa askari. Marehemu mumewe alikuwa na lori la kupeleka bidhaa Garbatulla. Watoto wote wako Nairobi, kwa hiyo amebaki na mbuzi wake na jiko lake. Ua unaotutenganisha ni wa mabati makuukuu yenye matundu, kwa hiyo anajua nikipika nini, nami najua anapika nini.

Mwaka huu Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Siku ya kwanza ya mfungo, jua likielekea kuzama, alinipitishia sahani ya sambusa juu ya ua. "Mwalimu, chukua, onja ya kwetu." Siku iliyofuata ikawa nyirinyiri, ile nyama yao ya vipande vidogo iliyokaangwa ikakauka na kuhifadhiwa ndani ya samli. Nikala, lakini nikawa najiuliza, huyu mama anataka nini? Hanijui vizuri, mimi si wa dini yake, ananilisha ya nini? Nikaamua kwamba anataka nimshonee nguo za Idi bure. Nikangoja aniombe. Hakuniomba.

Ulitulea tusirudishe sahani ya mtu ikiwa tupu, kwa hiyo nikaanza kuoka. Sina ovena. Natumia njia yako ileile: mchanga ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo juu ya mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Hata sufuria nilinunua mpya, asije akadhani ile ya zamani iliwahi kupika nguruwe. Nilimwonyesha ikiwa bado na karatasi ya dukani. Alicheka mpaka akayashika mabati. "Sasa mwalimu, nani amekuuliza mambo ya sufuria?"

Basi keki zikawa zinavuka ua kwenda, na sahani zinarudi na viazi, anjera, ile mikate yao laini ya kumimina, au chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Kila nikimwuliza kuhusu keki anasema, "Asante, ilikuwa tamu," basi. Mama, mtu aliyekula keki yangu haishii hapo. Atauliza umetia nini, au atasema mayai yamezidi, au ataomba kipande kingine. "Ilikuwa tamu" ni maneno ya mtu ambaye hakuonja. Hapo nikaanza kuchungulia.

Siku nilipooka keki yako nilioka na yake, kwa unga uleule. Asubuhi ya pili yake nilikuwa naanika nguo, nikaweka jicho kwenye tundu la mabati. Mbuzi wake mweusi alikuwa anatafuna keki yangu! Niliona mpaka yale maganda ya machungwa niliyoyaparuza mpaka vidole vikawasha, yamemganda kwenye ndevu. Niliumia sana. Nilisimama na nguo mbichi mikononi, machozi yakanilenga kwa sababu ya mbuzi.

Chuoni nilimwambia Kanana, mwalimu mwenzangu kutoka Meru, ambaye ameishi hapa miaka mingi. Hakushangaa hata kidogo.

"Hao hawawezi kula chakula yako, Nafula," akasema. "Wanachukua tu juu ya heshima, halafu wanamwagia mbuzi. Wewe endelea kupoteza unga."

Maneno yale yaliniingia. Lakini unajua siamini kitu mpaka nikijaribu mwenyewe. Jioni hiyo nikampelekea chapati na ndengu badala ya keki, kisha nikarudi kwenye tundu langu. Adhana ilipolia, Mama Hawa alianza na maji. Alikunywa bilauri baada ya bilauri, kama mtu aliyetoka Kipsing, kule nyikani, kwa miguu. Tende akazisukuma pembeni. Halafu akala chapati zangu zote na ndengu zote, akajilamba vidole.

Kama mikono yangu ni michafu kwake, mbona amekula chapati? Kuna nini kwenye keki? Labda ameambiwa natia pombe. Labda anaogopa nimetia dawa ya mapenzi nimnase mwanawe Abdi, yule aliyekuja siku moja nikamshonea kifungo cha shati. Lakini dawa si ningeweza kuitia hata kwenye ndengu? Nilichoka kufikiri, na nilichoka zaidi kumchekea mtu ninayemshuku. Nikaanza kuulizia nyumba mtaa mwingine.

Idi ilipofika, alinialika kwa chakula cha jioni. Nikaoka keki kubwa kuliko zote, na nia yangu haikuwa njema, Mama, nakuambia wazi. Nilitaka ale mbele ya watu au akatae mbele ya watu, nijue moja.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, udi unafuka, biriani limepakuliwa kwenye sinia, na nyama ya ngamia laini inayoachana na mfupa. Yeye alikuwa amevaa vizuri, anapokea watu, anacheka. Baada ya kula nikasimama na kisu. Nikawaambia kwamba kwetu, keki ikikatwa kwenye sherehe, mwenye nyumba hulishwa kwa mkono. Wakapiga vigelegele. Nikakata kipande, nikakipeleka mdomoni mwake. Alikitazama kile kipande, akawatazama wageni wake, akafungua mdomo. Nami nikamtazama koo. Keki haikushuka. Alitabasamu mdomo umefungwa, akachukua birika kana kwamba anakwenda kuongeza chai, akatoka kwenda jikoni.

Nikamfuata. Nilimkuta ameinama kando ya mtungi wa maji, anatema keki kwenye kiganja na kusukutua mdomo. Mbuzi alikuwa ameshakuja mlangoni, anangoja.

"Mama Hawa," nikamwambia, "kama chakula changu ni haramu kwako, niambie tu."

Aligeuka akaniangalia kama mtu asiyeelewa. "Haramu? Nani amesema haramu? Wallahi wewe abayo, dada yangu, utaniua na hii sukari yako!"

Akaketi kwenye kigoda, akainua kidogo pindo la dirac yake, lile gauni lao refu jepesi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. "Mimi niko na sukari," akasema. "Daktari amenikataza tamu yote. Hata kufunga amenikataza, na mimi nafunga."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Si ningekuletea ndengu?"

"Ningekuambia nini? Wewe ni Mkristo, umetoka mbali, unaleta chakula mpaka kwa mlango yangu. Mimi niseme hapana, sitaki? Hiyo hapana ungeenda nayo mpaka kwenu, useme Wasomali ya Isiolo wanakataa chakula ya watu. Heri mbuzi akule."

Nikamwuliza kama watoto wake wanajua.

Akanishika mkono kwa nguvu. "Watoto wasijue! Wakijua watanichukua Nairobi, wanikalishe kwa kiti, mtu mwingine apike Idi yangu. Wakileta vitu tamu mimi nawaambia ni meno."

Mama, hapo nikasikia sauti yako. Ni meno. Maneno yaleyale, mpaka kile kicheko cha kufunga mazungumzo. Aliendelea kunieleza jinsi ilivyomwanza, jinsi alivyodhani ile kiu ni joto la Isiolo tu, jinsi macho yalivyofifia mpaka siku moja akatia chumvi kwenye chai ya wageni. Yeye alikuwa anazungumza, lakini mimi nilikuwa nakuona wewe Krismasi iliyopita. Ulikuwa unalala na jagi la maji kando ya kitanda, nami nikakutania kwamba umekuwa ng'ombe. Uliniomba nikutungie uzi kwenye sindano, wewe uliyenifundisha kutunga uzi. Na kile kidonda cha jembe kwenye kidole cha mguu, ulichosema ni kidogo, ulikuwa umekipata wakati wa kupanda mahindi. Mahindi tulikuwa tumeshayavuna tukayapukuchua, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Nilikiona. Mimi mwenye shuku zote hizi, nilikiona nikanyamaza.

Mama Hawa nilimbana. Nilimwambia ama tuende hospitali pamoja, ama nimpigie Abdi simu palepale. Alinitukana kwa Kisomali, sijui alisema nini, lakini asubuhi alikuwa mlangoni kwangu amejifunga shuka. Muuguzi aliyemsafisha mguu alimgombeza sana. Akasema angeendelea kujificha, mguu ungekatwa. Tulipofika kwenye ua wetu ndipo akaniuliza kama naweza kuoka kitu kisicho na sukari, maana watu wakija kwake hapendi kukaa bila kutafuna pamoja nao. Sasa nahangaika na unga wa wimbi na ndizi mbivu kidogo sana, na keki bado hazijawa nzuri. Ananiambia bila aibu, "Hii ya leo hata mbuzi amekataa." Namwamini sasa.

Nawe nataka unitukane vilevile, mradi uende ukapimwe sukari, hata kama ulishapimwa kwa siri. Najua unaogopa nini. Unaogopa Wanjala na mkewe Nekesa wakuondolee jiko, Krismasi ukae kwenye kiti uletewe kuku aliyepikwa na mtu mwingine, na wageni wakuulize hali kwa sauti ya chini. Hakuna atakayekunyang'anya jiko lako. Nitasimama mlangoni mwa jiko hilo mimi mwenyewe. Lakini sitaki kurudi nyumbani nikukute huna mguu wa kusimamia jikoni, wala macho ya kuona chungu kikifurika. Naogopa, Mama. Huku naogopa mchana kutwa, wanafunzi wananiuliza kwa nini nashona mstari uliopinda.

Nisalimie kaka Wanjala, na usimgombeze kwa kunipa habari, maana nilimbana mpaka akatokwa jasho. Msalimie senge Nasimiyu, yule shangazi wetu mwenye kupenda chai ya sukari nyingi, na umchukue mkapimwe wote wawili. Wasalimie akina mama wa kwaya, na mzee wa kanisa anayekuletea kuni. Mama Hawa pia anakusalimu. Anasema wewe na yeye mtaelewana sana, na mimi ndiye mtu wa kuogopwa.

Jambo la mwisho. Barua hii nimeiandika kwa herufi ndogo kusudi, ndogo kuliko mwandiko wangu wa siku zote. Kama unaisoma mwenyewe, basi nimekukosea, nicheke mpaka uchoke nami nitakuomba msamaha. Lakini kama uliipeleka dirishani, ukaisogeza mbali, ukaisogeza karibu, kisha ukamwita mtu akusomee, basi sote tumejua. Wifi Nekesa, nadhani sauti hii inayosoma ni yako. Iweke barua chini. Mtafutie mama viatu vyake, mshike mkono, mwende leo.

Mimi binti yako akupendaye,
Nafula