Kuku Yuko Njiani

Wandera rafiki yangu,

Kuku amefika. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza habari za watoto. Amefika mzima, ana tope mguuni, na ametaga njiani. Mimi pia nimefika, ingawa kwangu mimi hukuwahi kuwa na wasiwasi mkubwa hivyo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozungumza. Kidhopadhola changu ulikivunja kila ulipokifungulia mdomo, na Kisamia chako nilikielewa kwenye chakula tu. Fundi cherehani wa Kirewa na karani wa pamba aliyezaliwa kando ya ziwa, wakikutana kwenye baraza la duka la Mhindi pale Tororo, watasemezana kwa lugha gani nyingine? Ulikuja na suruali iliyoraruliwa na mnyororo wa baiskeli. Nikaishona. Baada ya wiki ukaileta tena, imeraruka palepale. Nikakuambia ukunje mguu wa suruali kama watu wenye akili, nawe ukanijibu kwamba mtu asiye na baiskeli hana haki ya kuisemea baiskeli. Maneno hayo yaliniudhi mpaka nikanunua yangu. Ndivyo ulivyonipata.

Barabara kubwa hukuipenda. Malori ya pamba na saruji yalitupita kila mara na kutuacha wekundu mpaka kwenye kope. "Owor, tupite nyuma," ulisema. Basi kila Jumapili ulinisubiri nje ya kanisa letu, wewe Mprotestanti, ukinung'unika kwamba Kilatini chetu hakina mwisho, kisha tukaondoka. Tulizunguka chini ya vilima vya Osukuru, tukapita katikati ya mihogo na wimbi, tukisukuma kwa miguu penye mlima na kuteremka bila kugusa pedali penye mteremko. Jiwe la Tororo, ule mwamba mrefu wa mjini, lilibaki nyuma yetu. Ulisema maadamu tukigeuka tunaliona, hatujapotea. Hatukuwa tunakwenda popote, Wandera. Tulikuwa tunatembea tu. Mke wa jirani yangu alidhani tumerogwa.

Na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Hapa kwetu mpakani, mtu mwenye gunia la kahawa kwenye baiskeli anaeleweka, hata kama ni la magendo. Asiyeeleweka ni mtu anayepita vichochoroni na baiskeli tupu. Unamkumbuka askari yule aliyetuvua viatu? Alizipiga-piga soli, akanusa pampu yako, akasema, "Mutu napandisha kilima yote hii bure? Hapana. Nyinyi naficha kitu." Tuliachiliwa jua likizama. Mimi nilikuwa tayari kurudi kwenye cherehani yangu maisha yangu yote. Wewe Jumapili iliyofuata ukaja na kuku wa madoadoa ndani ya kikapu.

"Tunapeleka kuku kwa wakwe," ukaniambia. Nani atamzuia mtu anayepeleka kuku kwa wakwe? Ulimwita Pasi. Wazungu wana pasi ya karatasi, ulisema, sisi tuna pasi ya manyoya. Na kweli, tangu siku ile hakuna askari aliyetushika. Kuna mmoja hata alitusukumia baiskeli mpaka juu ya kilima, akatupa pole ya mahari. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu, na kila siku iliongezeka.

Mpaka tulipofika Masaba. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia karanga akasimama, akauliza wakwe gani. Ungeweza kusema ni mbali. Ungeweza kukohoa. Wewe ukanyoosha kidole kwenye nyumba ya kwanza uliyoiona mlimani, na yule mama akaweka jembe chini. "Hiyo nyumba ni yangu," akasema. "Kuku ilete." Na njiani kupanda, alipouliza mkwe ni nani kati yetu, ukanionyesha mimi. Sikukusamehe siku ile. Pasi alifunguliwa uani kama aliyezaliwa pale, tukalishwa, na nyuma ya ghala ya nafaka kulikuwa na binti anayecheka mpaka anashika mbavu. Nilirudi juma lililofuata kumdai kuku. Nikarudi tena, na tena. Nabwire sasa ni mama wa watoto wangu, na kuku mpaka leo sijapewa.

Ila ziwa hatukulifika. Hilo ndilo ulilolitaka kimoyomoyo tangu mwanzo: kutoka Tororo mpaka kwa mama yako Majanji, kwa njia za nyuma tupu, bila gurudumu kugusa barabara kubwa. Kila tulipofika Masaba wakwe walitukamata na sahani, na watu wote walituambia mbele yake njia inaishia kwenye mafunjo. "Mwaka kesho," ulisema, huku unalamba vidole.

Kisha ikaja homa ile ya mwanzo wa mvua. Ilikuchukua haraka hivi kwamba nilipopata habari nilikuwa bado nimeshika mkasi. Na unajua walikupeleka vipi kwenu? Kwa lori. Kwa barabara kubwa. Nilikaa nyuma na sanduku lako, vumbi likija kwa madebe, nikavua koti na kukufunika nalo. Mtu aliye ndani ya sanduku namfunika asipate vumbi. Mjomba wako aliniangalia tu. Iliniuma, Wandera. Kufa watu wanakufa, lakini njia ile hapana. Nilisema moyoni kwamba siku moja nitakuja kwako kwa njia yako, na nisipoweza, basi urafiki wetu ulikuwa maneno ya barazani.

Halafu sikuja. Niliitundika baiskeli kwenye boriti, magurudumu juu. Mambo yaliendelea bila wewe. Karani mpya wa pamba hufunga mguu wa suruali yake kwa kamba, kwa hiyo sina kazi naye. Kwenye baraza sasa watu wanasoma gazeti kwa sauti na kubishana nani atatutawala Mzungu akiondoka. Ungebishana na pande zote mbili. Kijana wangu ameota meno. Mimi nilishona, nikala, nikalala. Asubuhi moja Nabwire akapanda kwenye kigoda, akaifungua baiskeli mwenyewe. "Baiskeli haina matanga," akasema. Kwenye keria alikuwa ameshafunga kikapu, na ndani yake kuku wa madoadoa. Mama yake alikuwa amemleta kutoka Masaba. Ni kizazi cha Pasi, macho yaleyale ya dharau.

Nimepita kila mahali tulipopita. Chini ya Osukuru wamefungua shamba jipya la pamba, lakini kijia chetu wamekiacha kando yake. Kwenye kile kilima unachokijua nilishuka na kusukuma, na nikajikuta nageuka kukuambia upunguze maringo. Hapo nililia kidogo. Kuku alinitazama.

Mbele ya Masaba askari akanisimamisha, kijana mdogo, kaptula imepigwa pasi vizuri. "Kuku hii napeleka wapi?" Nikafungua mdomo niseme kwa wakwe, kama kawaida yetu. Uongo ule ukakataa kutoka. Nikasema napeleka kwa rafiki, na kwamba rafiki amekufa. Akavua kofia. Hakutazama viatu wala pampu. Alinishikia baiskeli upande wa pili mpaka tukamaliza mteremko wenye mawe, akarudi zake.

Na yale mafunjo, rafiki yangu, tulidanganywa. Nilimkuta mwanamke anakata mafunjo ya kusukia mikeka, nikamuuliza kama njia inaishia hapa. "Inaisha kwa baiskeli," akasema. "Kwa mutu haiishi." Basi nikaacha kuwa mwenye baiskeli, nikawa mtu. Nikaweka baiskeli begani, kikapu kichwani, nikamfuata kwa nyuma nikizama mpaka magotini. Miaka yote ile tulishindwa na kitu cha kuvua viatu tu! Upande wa pili kuna kilima kidogo cha nyasi, na ukifika juu unaliona ziwa lote. Nikageuka nyuma. Jiwe la Tororo lilikuwa bado lipo, limekuwa dogo na la buluu. Hatukupotea, Wandera.

Mama yako alikuwa uani anaanika dagaa. Nilitaka nimsalimie kwa heshima, nimkumbushe mimi ni nani na nimweleze kwa nini nina tope hivi. Hakunipa nafasi. Aliangalia kikapu, akasogea, akainua kifuniko. Akauliza, "Hii ndiyo ile kuku?"

Sikuelewa. Ndipo akaniambia. Kila Krismasi ulishuka kwenye lori mikono mitupu, wewe mwanawe mwenye mshahara, na alipokuuliza umemletea nini, ulijibu, "Mama, kuku yuko njiani." Mwaka baada ya mwaka. Majirani walikuwa wanamtania nayo sokoni. Hata siku ya kukuzika, akasema, kuna mzee mmoja alimnong'oneza kwamba kuku sasa hatafika. Hukuniambia hili hata siku moja, mwongo wewe. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka kati ya dagaa wake, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nikakaa naye. Alipotulia alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Kumbe kuku ilikuwa njiani kweli," akasema. Alilisema hilo zaidi ya mara moja, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Akamfungua. Kuku akanyoosha mbawa, akatembea moja kwa moja mpaka kaburini kwako, akaanza kuparua udongo bila adabu yoyote. Nilitaka kumfukuza. Mama yako akasema nimwache, mgeni apekue kwa mwenyeji wake.

Nakuandikia nikiwa nimeegemea hapo hapo pembeni mwako. Kesho narudi, kwa njia ya nyuma. Nakuahidi nitakuja kila baada ya mavuno, na kijana wangu akifikia pedali nitakuja naye, nimwonyeshe mahali pa kushuka na mahali pa kuachia miguu. Barua hii nitaifukia chini ya jiwe la kichwani. Kama kuku ataifukua, mambo yenu wawili.

Lala salama, Wandera. Na huko wakikuuliza unamsubiri nani, waambie Owor yuko njiani. Anapita nyuma, atachelewa.